Kimbunga kilishapita, mbona mama yake alikufa Desemba?

"Daktari, shikamoo. Dada yangu anaishi Orlando, Florida, ameolewa na mtu wa Puerto Rico, kile kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani. Mama mzazi wa shemeji alikuwa akiishi peke yake milimani, upande wa Utuado. Alikuwa na kisukari na usiku alilala na mashine ya oksijeni. Kimbunga Maria kilipopiga Septemba 2017 nyumba yake ilibaki imesimama, na yeye hakupata hata mchubuko. Akafariki Desemba. Cheti cha kifo kinataja kisukari na moyo. Kila ikifika Septemba shemeji husema kimbunga ndicho kilichomuua mamake. Mwaka huu nilichoka, nikamwambia kimbunga kilipita siku moja tu, mama alikuwa mzee na mgonjwa, siku yake ilikuwa imefika. Tangu hapo hatusemeshani. Nilipotafuta ukweli nikakuta namba tatu za waliokufa: 64, 2,975 na 4,645, na wengine wanasema zote ni siasa. Ipi ya kweli? Halafu kuna jambo jingine linaninyima usingizi. Mama yetu mwenyewe amehamia kwa dada, anajidunga insulini kila siku, na Florida vimbunga haviishi. Tumwandae vipi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na swali ambalo hukuliuliza waziwazi: kati yenu wawili nani amekosea. Kwa ushahidi uliopo, shemeji yako yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wewe. Siwezi kukuapia kwamba mama yake angeiona Januari kama Maria isingekuja. Hilo hakuna daktari awezaye kulisema bila hata kuliona faili la mgonjwa. Ila hoja uliyomtolea, kwamba kimbunga ni cha siku moja na kifo cha miezi mitatu baadaye hakikihusu, ndiyo hoja ambayo takwimu za Puerto Rico zimeibomoa vibaya kuliko nyingine zote.

Wala usijione umesema jambo la ajabu. Tarehe 13 Septemba 2018 Rais Donald Trump aliandika karibu hayohayo: kwamba watu 3,000 hawakufa, na kwamba mtu akifa kwa sababu yoyote, hata uzee, jina lake liliongezwa tu kwenye orodha. Kauli hiyo ina makosa mawili. Orodha haipo. Na uzee ulikuwa umeshaondolewa kabla hesabu haijaanza. Nitarudi hapo, lakini kwanza twende nyumbani kwa mama, kwa sababu namba bila nyumba hazieleweki.

Maria kiliingia nchi kavu asubuhi ya tarehe 20 Septemba 2017 karibu na Yabucoa, kona ya kusini mashariki, na upepo wa kilomita 250 kwa saa hivi. Kikakikata kisiwa mshazari na kutokea pwani ya kaskazini magharibi. Wiki mbili kabla yake, kimbunga Irma kilikuwa kimepita pembeni ya kisiwa na kuwaacha wengi gizani. Shirika la umeme la serikali lilikuwa limeomba ulinzi wa kufilisika Julai ya mwaka huohuo. Na kuna jambo la jiografia ambalo watu hulisahau: mitambo mikubwa ya kufua umeme ilikuwa pwani ya kusini, ilhali watu wengi wako kaskazini, San Juan na vitongoji vyake. Umeme ulisafiri juu ya milima kwa nguzo na nyaya. Kimbunga kilipitia kwenye nyaya hizohizo. Kisiwa chote, watu zaidi ya milioni tatu, kikazimika, na mitaa ya mwisho ilirudishiwa umeme Agosti 2018, yaani karibu miezi 11 baadaye.

Watafiti waliozunguka nyumba kwa nyumba mwanzoni mwa 2018 walipata kwamba, tangu siku ya kimbunga hadi mwisho wa Desemba, kaya ya kawaida ilikaa siku 84 bila umeme, 68 bila maji na 41 bila mtandao wa simu. Kipindi chenyewe kilikuwa na siku 102 tu. Kwenye maeneo ya mbali kabisa, kaya 83 katika kila 100 hazikuona umeme hadi mwaka unaisha. Utuado iko ndani milimani. Katika kitongoji kimoja cha huko, Río Abajo, daraja lilisombwa na mto, na wakazi wakatunga kamba na kapi, wakaning'iniza toroli la supamaketi na kulivusha juu ya maji likiwa na chakula na dawa.

Sasa mfikirie mwanamke mzee ndani ya nyumba iliyosimama imara. Usiku wa kwanza mashine ya oksijeni inanyamaza. Haihifadhi kitu, inachuja hewa ya chumbani muda wote na inategemea umeme kila dakika. Pengine ana mtungi mmoja wa akiba, lakini mtungi hujazwa mjini na barabara imefukiwa na maporomoko. Jokofu linapata joto, na insulini imo ndani yake. Duka la dawa halijafunguliwa, au limefunguliwa ila kompyuta za bima hazifanyi kazi na mashine za benki hazitoi fedha. Pampu za maji zinasukumwa na umeme uleule, kwa hiyo bomba limekauka. Anachota kijitoni au anasubiri mvua. Chakula ni cha makopo, chumvi tele na wanga mwingi, wakati moyo wake na sukari yake vinataka kinyume. Akizidiwa usiku hana simu ya kuitia gari la wagonjwa, na gari lenyewe halina njia.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloua peke yake kwa siku moja. Mwili wa binadamu una akiba, hata wa mgonjwa. Kinachotokea ni kwamba akiba inachotwa kidogo kidogo kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Sukari ikikaa juu kwa wiki kadhaa, kinga inashuka na kidonda cha mguuni hakifungi. Oksijeni ikiwa pungufu kila usiku, moyo unafanya kazi ya ziada mpaka unavimba. Maji machafu yanaleta kuhara, kuhara kunakausha mwili, na figo zilizochoka zinasalimu amri. Wiki ya nane au ya kumi ndipo anapoanguka. Daktari anayejaza cheti anamkuta mgonjwa wa kisukari aliyekufa kwa moyo, na ndivyo anavyoandika. Hajadanganya. Ameandika kiungo cha mwisho cha mnyororo, na hakuna aliyemwomba aandike cha kwanza.

Ndipo ilipozaliwa ile namba 64. Ni idadi ya vifo ambavyo mtu mwenye mamlaka alithibitisha, kimoja kimoja, kwamba vilitokana na kimbunga. Ili kifo kiingie humo, mwili ulipaswa kupelekwa taasisi ya uchunguzi wa vifo San Juan, au mchunguzi atoke huko aufuate ulipo. Barabara unazijua sasa. Tena kulikuwa na mwongozo wa serikali kuu ya Marekani unaoeleza jinsi ya kutaja janga kwenye cheti cha kifo, lakini madaktari wengi wa kisiwani hawakuwa wamefundishwa kuutumia. Nimejaza vyeti vya kifo vya kutosha maishani mwangu kujua kwamba daktari aliyechoka, bila umeme, na maiti watatu wanamsubiri, ataandika kile anachokiona mbele yake. Kwa hiyo 64 si uongo wa mtu mmoja aliyekaa mezani akaubuni. Ni matokeo ya kuhesabu makaratasi mahali ambapo makaratasi yalishindwa kufika. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuing'ang'ania namba hiyo kwa miezi huku makaburi yakiongezeka.

Namba ya 4,645 ilitoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao, Mei 2018. Ndio hao waliozunguka majumbani. Walifika kaya 3,299 wakauliza nani amefariki hapa tangu kimbunga, na wakapata vifo 38. Walikokotoa kiwango cha vifo kwa kila watu 1,000, wakakilinganisha na cha mwaka 2016, tofauti wakaizidisha kwa watu wa kisiwa kizima. Ni njia halali, lakini vifo 38 ni mzigo mdogo mno kubeba kisiwa. Kaya chache zingebadilika, jibu lingebadilika sana. Wenyewe walilijua hilo wakaweka wigo: kati ya 793 na 8,498. Vyombo vya habari viliichukua namba ya katikati na kuutupa wigo. Kitu cha thamani zaidi katika utafiti ule, kwangu mimi, ni kingine kabisa: karibu theluthi moja ya vifo hivyo, familia zilisema vilitokana na matibabu kukatika au kuchelewa.

Ya tatu, 2,975, ndiyo ninayokushauri uitumie. Serikali ya Puerto Rico iliomba Chuo Kikuu cha George Washington kifanye hesabu upya, matokeo yakatoka tarehe 28 Agosti 2018, na gavana wa wakati huo, Ricardo Rosselló, akayakubali kuwa idadi rasmi. Hawa hawakubisha hodi kwa mtu. Walichukua rejista ya vifo vyote, kwa sababu zote, kisha wakatumia miaka iliyotangulia kukadiria ni watu wangapi wangekufa kati ya Septemba 2017 na Februari 2018 kama kusingekuwa na kimbunga. Fikiria nguzo ya kupimia kina cha mto. Mlinzi wa mto anajua Oktoba ya kawaida maji hufika alama gani. Yakipanda juu ya alama hiyo, haulizi kila tone limetoka wapi. Anajua kilichozidi kimeletwa na mvua mpya. Wazee hufa kila mwaka, wagonjwa wa moyo hufa kila mwaka, na wote hao wamo kwenye alama ya kawaida. Ndiyo maana nikasema uzee ulishaondolewa. Namba 2,975 ni kile kilichozidi, na wigo wake ni mwembamba: 2,658 hadi 3,290.

Jambo jingine walilolifanya vizuri ni kuzingatia waliohama. Maelfu kwa maelfu walipanda ndege kwenda Florida na kwingineko, shemeji yako pengine anawafahamu baadhi yao. Watu wakipungua, vifo navyo vinatarajiwa kupungua. Ukisahau hilo utaona vifo vya kawaida mahali ambapo pana msiba.

Sasa soma hesabu yao kwa hatua, maana hapa ndipo ugomvi wenu ulipo. Kufikia mwisho wa Oktoba vifo vya ziada vilikuwa 1,271. Kufikia mwisho wa Desemba, 2,098. Kufikia mwisho wa Februari, 2,975. Maana yake zaidi ya nusu ya watu hao walikufa baada ya Oktoba, wakati kamera zilikuwa zimeshaondoka na sisi wengine tumeshahamia kwenye habari nyingine. Mama aliyekufa Desemba hakufa baada ya janga. Alikufa katikati yake. Hatari iliwakaa zaidi waliokuwa kwenye manispaa maskini, asilimia 45 juu, na wanaume wenye umri wa miaka 65 na kuendelea ndio walioendelea kufa kwa kasi ya juu hadi mwisho wa kipindi.

Na utagundua kwamba Harvard na George Washington hawagombani. Harvard walihesabu hadi Desemba. Kwa kipindi hichohicho wenzao wanasema 2,098, ambayo imo ndani ya wigo wa Harvard. Hao wanaosema ni siasa tupu wamechukua namba mbili za vipindi viwili tofauti wakazigonganisha.

Lazima pia nikuambie namba hii isichoweza kufanya. Haina majina. Hakuna anayeweza kufungua kitabu akakuonyesha watu 2,975, kama vile mlinzi wa mto asivyoweza kukuonyesha ni tone lipi la mvua na lipi la chemchemi. Kwa hiyo shemeji hawezi kuthibitisha kwa namba hii kwamba mama yake ni mmoja wao, na wewe huwezi kuthibitisha kwamba si mmoja wao. Kinachobaki ni historia ya mgonjwa mwenyewe: alikuwa imara kabla ya Septemba au alikuwa ameshaanza kuteremka? Aliendelea kupata dawa na oksijeni au vilikatika? Kama alikuwa imara na vilikatika, mimi ningeandika kimbunga kwenye cheti bila kusitasita. Na mbinu yenyewe ina mpaka wake. Mwaka 2024 watafiti Rachel Young na Solomon Hsiang walichapisha hesabu inayosema kimbunga cha wastani kinachoipiga Marekani huhusishwa na vifo kati ya 7,000 na 11,000 vikisambaa kwa miaka 15, ilhali hesabu rasmi huwa na watu 24 tu. Naiheshimu kazi hiyo, lakini kadiri miaka inavyorefuka ndivyo mambo mengine mengi yanavyoingilia kati, na kwa hiyo naishika kwa tahadhari ambayo siihitaji kwa miezi sita ya Maria.

Je, msaada ungewahi, wangepona? Wengi, naamini. Siku hizo kila mtu aliangalia meli ya hospitali, Comfort, iliyofika tarehe 3 Oktoba. Ni meli nzuri, lakini iliwafaa zaidi majeruhi na wanaohitaji upasuaji, na wagonjwa walioweza kuifikia walikuwa wachache. Mgonjwa mkuu wa Maria hakuwa amevunjika mguu. Alikuwa mama wa kisukari kwenye mlima usio na barabara, na alichohitaji ni dizeli, barafu, oksijeni na mtu wa kubisha hodi. Ghala la serikali kuu kisiwani lilikuwa limetolewa sehemu kubwa ya akiba yake wiki mbili nyuma kwa ajili ya Irma. Mwaka mmoja baadaye zilionekana picha za shehena kubwa za maji ya chupa zimeachwa juani kwenye njia ya kurukia ndege huko Ceiba. Maji yalifika kisiwani, hayakufika kwa watu. Kinyume chake, pale Adjuntas, jirani na Utuado, shirika la wanakijiji liitwalo Casa Pueblo lilikuwa na umeme wa jua wake lenyewe tangu zamani, na watu walikwenda kuchajia simu na mashine zao za tiba hapo. Ningeweza kuandika kurasa kumi kuhusu tofauti ya sehemu hizo mbili, lakini mama yako anasubiri.

Orlando iko bara, kwa hiyo bahari haitamfuata kitandani. Hilo ni nafuu kubwa, ila lisikulaze usingizi: mvua hufurika huko, na umeme hukatika. Kiwango cha kimbunga, kile cha 1 hadi 5 mnachokisikia kwenye taarifa, hupima upepo peke yake. Hakisemi maji yatakuwa mengi kiasi gani wala umeme utakatika siku ngapi. Kwa mtu wa insulini swali kubwa ni hilo la mwisho.

Insulini yenyewe ni mvumilivu kuliko watu wanavyodhani. Aina nyingi, hata chupa ambayo haijafunguliwa, hubaki salama nje ya jokofu hadi siku 28 ikiwa joto halizidi nyuzi 30 za Selsiasi. Someni karatasi iliyomo kwenye boksi lake, maana aina hutofautiana. Kinachoiharibu haraka ni jua, gari lililofungwa, na barafu. Ndiyo, barafu: watu huzika insulini kwenye barafu kwa nia njema, ikaganda, na insulini iliyoganda ni ya kutupwa. Ifungeni kwenye kitambaa kikavu ndani ya kibaridi, isigusane na barafu. Nimeulizwa mara nyingi kuhusu vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, vyenye mchanga mbichi katikati. Vinapoza vizuri penye hewa kavu, lakini unyevu wa Florida baada ya dhoruba huvilemaza. Na ikitokea insulini imepata joto na nyingine hakuna, usiache kudunga kwa kuogopa. Itumike, sukari ipimwe mara nyingi zaidi, na itafutwe mpya haraka.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni lingine. Siku za dhoruba watu hula kidogo, au hula ovyo, huku wakidunga kipimo kilekile. Sukari inashuka gizani, mzee anatokwa jasho na kuchanganyikiwa, na ndugu wanadhani ni hofu ya upepo. Dada yako amwombe daktari wa mama, sasa hivi, si wiki ya kimbunga, amwandikie: akila nusu, adunge kiasi gani; akitapika, afanyeje. Karatasi hiyo ikae pamoja na orodha ya dawa zote, vijiti vya kupimia, betri za kipimo, na sukari ya haraka ya kuweka mdomoni. Dawa za mwezi mzima ziwepo ndani wakati wote wa msimu, Juni hadi Novemba. Sheria ya Florida inazitaka bima ziruhusu kuchukua dawa za siku 30 kabla ya muda wake pale tahadhari ya kimbunga au hali ya dharura inapotangazwa katika kaunti husika; dada asisubiri kuambiwa, aende dukani siku hiyohiyo.

Florida pia ina daftari la watu wenye mahitaji maalumu, linalosimamiwa na ofisi za dharura za kaunti. Aliyeandikishwa anaweza kupangiwa makazi ya muda yenye umeme wa akiba na wahudumu wa afya, na usafiri akikosa. Mama aandikishwe mapema, kabla hakujawa na wingu. Kama ana tatizo la figo na anasafishwa damu, waulize kituo chake kuhusu kusafishwa kabla ya dhoruba kufika. Waliofanyiwa hivyo kabla ya kimbunga Sandy cha 2012 walikufa wachache kuliko ambao hawakufanyiwa.

Jenereta? Ninazipenda na ninaziogopa. Moshi wake una hewa isiyo na harufu inayoua familia nzima usingizini. Baada ya kimbunga Laura cha 2020 watu wa Louisiana waliponea upepo wakafa hivyo. Jenereta ikae nje, si gereji, si barazani, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likielekezwa mbali na madirisha, na kengele ya kugundua hewa hiyo iwepo chumbani. Joto nalo lisidharauliwe. Mwezi uleule wa Maria, katika nyumba moja ya wazee huko Hollywood, Florida, kipoza hewa kilizimika baada ya Irma na wazee 12 wakafa kwa joto, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Tangu hapo jimbo limezilazimisha nyumba za wazee kuwa na umeme wa akiba. Nyumba ya dada yako hailazimishwi na mtu, kwa hiyo ninyi ndio wa kuamua mapema mama atakwenda kwa nani iwapo umeme utazidi siku mbili.

Kuna dalili ambazo hazingoji ushauri wangu wala wa mtandao wowote. Mama akitapika mfululizo, akihema kwa nguvu na kwa haraka, pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, ni hospitali mara moja, hata kama mvua inanyesha, kwa kupiga 911 au kwa njia yoyote iliyo salama. Kidonda cha mguu kilicholowa maji ya mafuriko kionwe na daktari ndani ya siku moja.

Nimemwacha shemeji mwisho, ingawa nadhani ndiye aliyekufanya uandike. Mtu anayerudia sentensi ileile kila Septemba mara nyingi hatafuti ushindi wa hoja. Serikali ilimwambia kwa namba 64 kwamba mama yake hakuhesabiwa. Familia nyingi zilizoomba msaada wa gharama za mazishi zilikataliwa kwa sababu cheti hakikutaja kimbunga. Juni 2018 watu walikwenda mbele ya bunge la San Juan wakapanga jozi za viatu vya marehemu wao chini, mamia kwa mamia, kwa kuwa hapakuwa na orodha ya majina ya kusoma. Halafu na wewe, mtu wa nyumbani, ukamwambia siku yake ilikuwa imefika. Kama dada anaona shemeji hapati usingizi, anakunywa kupita zamani, au anazungumza kama mtu asiyetaka kuendelea kuishi, amsindikize kwa mtaalamu ana kwa ana. Na nchini Marekani namba ya simu 988 hupokewa usiku na mchana, kwa Kihispania pia.

Wewe mpigie. Usianze na takwimu zangu. Mwombe radhi, kisha muulize kitu ambacho nahisi hujawahi kumuuliza: mama alipata wapi oksijeni ule mwezi wa Oktoba?